Usiku Shakwe Alipochekwa: Chekhov, Hadithi Fupi na Jukwaa

Saa nane za usiku, Oktoba 17 kuamkia 18 mwaka 1896, mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov alirudi katika nyumba aliyofikia jijini St. Petersburg. Kwa saa kadhaa alikuwa akizunguka mitaani peke yake, na watu wa karibu naye walishaanza kuhangaika. Mwenyeji wake, mchapishaji Aleksei Suvorin, alitaka kujua alikokuwa. Jibu alilopewa aliliandika katika shajara yake: hata akijaliwa miaka 700 mingine ya kuishi, Chekhov hatalipatia jukwaa mchezo hata mmoja.

Jioni ile, katika ukumbi wa Alexandrinsky, tamthilia yake mpya iitwayo Shakwe ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza. Hadhira ilicheka pale alipotaka inyamaze, ikapiga miayo na miluzi, wengine wakageuza migongo na kuanza mazungumzo yao.

Kisa hiki husimuliwa kama hekaya. Gwiji anakataliwa na wajinga wa mji mmoja, miaka miwili baadaye anapokelewa na werevu wa mji mwingine, na haki inatendeka. Nimekisoma hivyo mara nyingi hadi nikaanza kukitilia shaka. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa nyuma ya pazia la mchezo wa shule nikasikia ukumbi mzima ukiangua kicheko mama alipokuwa akimlilia mwanawe. Tangu siku hiyo siwezi tena kusema kirahisi kwamba hadhira ndiyo mbaya. Nikiupekua usiku wa Alexandrinsky naona mwandishi wa hadithi fupi aliyepeleka jukwaani ufundi wa hadithi fupi, na jukwaa la wakati ule likakosa mikono ya kuupokea. Lawama ni za wengi, zake zikiwemo.

(Tarehe ninazotaja ni za kalenda ya kale ya Urusi, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 12 katika karne ile.)

Mistari mia, kopeki nane

Chekhov alizaliwa mwaka 1860 huko Taganrog, mji wa bandari kwenye Bahari ya Azov. Babu yake alikuwa mtwana wa kabaila, aliyejikomboa yeye na jamaa yake kwa fedha mwaka 1841. Baba yake alikuwa na duka. Lilifilisika mwaka 1876, mzee akatorokea Moscow kuwakwepa wadai, kijana akabaki nyuma kumalizia shule. Alipowafuata wenzake mwaka 1879 aliingia chuo kikuu kusomea udaktari, na hapohapo akawa ndiye anayelisha nyumba kwa kalamu. Aliandika vichekesho vya magazeti kwa jina la kupanga, Antosha Chekhonte.

Nikolai Leikin, mhariri wa gazeti la vichekesho la Oskolki, alitaka kisa kisizidi mistari 100 hivi, na kila mstari aliulipia kopeki 8 (kopeki 100 ni rubli moja). Watu huulizana Chekhov alijifunza wapi kufyeka maneno na kumwachia msomaji ajaze mwenyewe. Mimi nadhani alijifunza hapo, kwa njaa. Mwaka 1888 alipewa Tuzo ya Pushkin, rubli 500. Mwaka 1892 akanunua shamba la Melikhovo, kusini mwa Moscow, akawa anatibu wakulima wa vijiji vya jirani, akapambana na kipindupindu, akajenga shule. Mapafu yake yalikuwa yameshaanza kutoa damu tangu mwaka 1884, na kwa kuwa alikuwa daktari, alijua maana yake akajifanya hajui.

Jukwaani hakuwa mgeni. Ivanov ya mwaka 1887 ilizua mabishano. Michezo yake mifupi ya kuchekesha, hasa Dubu, ilichezwa kila mahali na kumletea fedha nzuri. Lakini tamthilia ndefu iliyofuata, ya mwaka 1889, ilianguka Moscow, akaifungia sandukuni. Kwa hiyo watu walipoona jina lake kwenye tangazo la Alexandrinsky mwaka 1896, wengi walimkumbuka mtu wa Dubu, mtu wa kuvunja mbavu. Tutalirudia hilo.

Pudi tano za mapenzi

Tamthilia aliiandika mwishoni mwa mwaka 1895, katika kijumba cha mbao alichokijenga bustanini pale Melikhovo. Mnamo Oktoba 21 alimwandikia Suvorin kwamba anaandika kwa raha ingawa anazivunja kanuni za jukwaa vibaya sana: mchezo wa kuchekesha, sehemu nne, mandhari ya ziwa, maongezi mengi juu ya fasihi, matendo machache, na pudi tano za mapenzi. Pudi moja ni kilo 16 na kitu, basi ni zaidi ya kilo 80 za mapenzi, na hakuna hata moja inayomfikia anayeitaka. Mwezi mmoja baadaye aliandika tena. Amemaliza. Ameuanza kwa sauti kubwa na kuumaliza kwa sauti ya chini, kinyume cha sheria zote za tamthilia, na kilichozaliwa kimekuwa hadithi. Kila akikisoma anazidi kuona kwamba yeye si mtunzi wa tamthilia kabisa.

Barua hiyo ya pili ni ushahidi mkubwa kuliko wowote katika kisa hiki. Mwaka mzima kabla ya aibu ya St. Petersburg, mwandishi mwenyewe alikwisha kuitaja hitilafu. Neno alilotumia ni hilo hilo: hadithi.

Kwa asiyeijua, Shakwe ina kijana mwandishi, Treplev, mwenye kiu ya sanaa mpya. Mama yake Arkadina, mwigizaji maarufu na bahili. Mpenzi wa mama, Trigorin, mwandishi anayesomwa na kila mtu. Na Nina, binti wa shamba la jirani anayetaka kuwa mwigizaji. Treplev anamtungia Nina mchezo, wanauonyesha kando ya ziwa, mama anaudhihaki. Siku nyingine Treplev anampiga risasi shakwe na kumlaza miguuni pa Nina. Trigorin akimwona yule ndege anatoa kijitabu chake na kuandika wazo la hadithi fupi: msichana anaishi kando ya ziwa, huru kama shakwe, anatokea mtu, anamwona, na kwa kukosa la kufanya anamharibu. Kisha anakwenda kulitenda aliloliandika.

Sasa angalia yanayotokea mahali ambapo hatuoni. Kati ya sehemu ya tatu na ya nne inapita miaka miwili. Humo Nina anatoroka kwenda kwa Trigorin, anazaa, mtoto anafariki, anaachwa, anahangaika katika vikundi vya uigizaji vya mikoani. Mtunzi mwingine wa enzi ile angeyajenga mambo hayo jukwaani, kwa vilio na magoti chini. Chekhov anamwachia Treplev ayataje kwa sentensi chache alipoulizwa. Hata kifo cha mwisho hatukioni. Mlio unasikika nje, daktari anatoka kwenda kuangalia, anarudi akisema ni chupa ya etha iliyopasuka mkobani mwake, kisha anamvuta Trigorin kando na kumnong'oneza amwondoe yule mama, kwa maana mwanawe amejiua. Hapo pazia linashuka. Mama bado hajajua.

Ndivyo anavyomaliza hadithi zake. Na ndani ya tamthilia amelitia dokezo la ufundi huo. Treplev, akihangaika na maandishi yake, anamwonea wivu Trigorin: yeye, kutuonyesha usiku wa mbalamwezi, hutaja tu shingo ya chupa iliyovunjika inayong'aa kwenye ukingo wa bwawa, na kivuli cheusi cha gurudumu la kinu. Mfano huo Chekhov aliwahi kumpa kaka yake Aleksandr katika barua ya mwaka 1886 alipokuwa akimfundisha kuandika, na akautumia katika hadithi yake ya mwaka huohuo. Akaja kumvika Trigorin, mtu mzembe wa moyo, koti lake mwenyewe. Wanaodai Treplev ndiye Chekhov waisome tena sehemu ya nne.

Marafiki waliotiwa kwenye wino

Kuna upande mwingine wa kisa ambao hausameheki kirahisi, nami sitaki kuupita kimya. Lika Mizinova, rafiki wa dada yake Chekhov, alimpenda Chekhov kwa miaka, naye akamzungusha kwa mizaha. Mwishowe Lika akaingia katika mapenzi na mwandishi Ignaty Potapenko, mwanamume mwenye mke, akamfuata Ulaya, akaachwa, akajifungua binti jijini Paris mwaka 1894. Ukimweka Nina kando ya Lika, huhitaji mkalimani. Na yule ndege? Mwaka 1892 mchoraji Isaak Levitan, akiwinda na Chekhov, alimjeruhi ndege akashindwa kummalizia, akamsihi Chekhov afanye hivyo. Chekhov alimmaliza, kisha akaandika kwamba kiumbe mmoja mzuri, mwenye mapenzi, amepungua duniani, na wapumbavu wawili wamerudi nyumbani kula chajio. Mwaka 1895 Levitan mwenyewe alijijeruhi kwa risasi katika nyumba ya shamba kando ya ziwa, kwa sababu za mapenzi, na Chekhov akaenda kumwangalia.

Trigorin hawezi kuona wingu bila kulihifadhi kwa matumizi ya baadaye. Analalamika juu ya tabia hiyo kama mgonjwa anayeeleza maradhi, na mwandishi wake alikuwa na maradhi yayo hayo. La ajabu kupita yote ni kwamba aliyezunguka na maandishi ya Shakwe kwa wakaguzi wa serikali ili yapewe kibali alikuwa Potapenko. Wakaguzi walikerwa na jambo moja tu: kwamba kijana anajua mama yake anaishi na mwandishi na haonyeshi kuchukizwa. Yakafutwa maneno machache, kibali kikatoka Agosti 1896.

Lika alikuwa ukumbini usiku wa kwanza. Chekhov alijua angekuwepo. Mwezi uliofuata mtoto wa Lika alifariki. Tamthilia ilikuwa imemtangulia.

Usiku wa Levkeeva

Alexandrinsky ulikuwa ukumbi wa serikali ya mfalme, wenye hadhi kubwa. Hapo ndipo mwaka 1836 ilipoonyeshwa mara ya kwanza ile tamthilia ya Gogol ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ulikuwa na waigizaji wa kutajika, na ulikuwa na mazoea yake.

Mazoea ya kwanza ni onyesho la heshima. Mwigizaji aliyetumikia miaka mingi alipewa usiku wake, mapato ya mlangoni yakawa yake, na mashabiki wake wakaja kumshangilia. Oktoba 17 ulikuwa usiku wa Elizaveta Levkeeva, aliyetimiza miaka 25 kazini. Levkeeva alikuwa mchekeshaji kipenzi cha wafanyabiashara na makarani. Wakasoma kwenye tangazo: Chekhov, mchezo wa kuchekesha. Wakakata tiketi. Katika Shakwe Levkeeva hakuwa na nafasi hata moja; angetokea baadaye, katika mchezo wa pili wa usiku huo. Mashabiki wakakaa wakimngoja, wakijiambia kwamba hata huyu Chekhov si haba, atatuchekesha kwanza.

Ikafika zamu ya mchezo wa Treplev, pazia lake likafunguliwa. Binti aliyevaa nyeupe ameketi juu ya jiwe kando ya ziwa akisema: "Watu, simba, tai na kwale..." na kuendelea kuorodhesha viumbe waliokwisha kutoweka duniani miaka laki mbili ijayo. Ukiisoma hotuba hiyo ukiwa peke yako unaona mambo mawili kwa pamoja, kwamba kijana aliyeitunga ana kipaji na kwamba bado hajaiva. Ndani ya ukumbi uliokuja kumcheka Levkeeva, neno "kwale" lilitosha. Kicheko kikaanza, na kikishaanza hakina breki. Vera Komissarzhevskaya, aliyecheza Nina, alitetemeka hadi sauti ikamkauka. Katika sehemu ya nne, Nina aliyevunjika anapoirudia hotuba ileile kwa kuikumbuka, mahali ambapo tamthilia nzima inajikunja kurudi ilikoanzia, walicheka tena.

Chekhov alikuwa ameshatoka ukumbini. Alijificha katika chumba cha kuvalia cha Levkeeva, akaondoka, akala chajio peke yake katika mkahawa, akatembea. Kesho yake mchana alipanda treni ya polepole kwenda Moscow, daraja la tatu, bila kuaga watu, akamwachia Suvorin ujumbe asitishe uchapishaji wa tamthilia zake. Vitu vyake akavisahau ndani ya treni.

Nani alaumiwe

Nianze na lililo rahisi. Usiku ulichaguliwa vibaya, na Chekhov aliukubali. Angeweza kukataa.

La pili ni zito zaidi. Mazoezi ya Shakwe yalichukua kama siku tisa. Katika usomaji wa kwanza baadhi ya waigizaji hawakuja. Mwigizaji maarufu Maria Savina, aliyepewa nafasi ya Nina, aliiacha mazoezi yakiwa yameshaanza, na Komissarzhevskaya akaichukua zikiwa zimebaki siku chache. Wengine walifika karibu na onyesho wangali wameshika makaratasi. Hilo halikuwa uzembe wa pekee. Nyumba nyingi za maonyesho za siku zile ziliandaa mchezo mpya kwa wiki moja au mbili, kwa sababu kila mwigizaji alikuwa na aina yake ya mhusika aliyemcheza maisha yake yote: huyu baba mkali, huyu kijana mpenzi, huyu mama mchekeshaji. Anajua pa kusimama, pa kuinua sauti, pa kungojea makofi. Maneno yakimtoka kuna mtu shimoni mbele ya jukwaa wa kumnong'oneza. Kwa tamthilia zilizotungwa kwa vipimo hivyo, siku tisa zinatosha na kubaki.

Shakwe haikuwa na vipimo hivyo. Shamrayev, msimamizi wa shamba, anasimulia vichekesho vya waigizaji wa zamani wakati nyumba inazama, na ni yeye huyohuyo anayewanyima mabwana farasi. Masha amevaa nyeusi, ananusa tumbaku na kunywa vodka, na mapenzi yake ni ya kweli kuliko ya wote. Mwigizaji wa aina moja akimchukua mhusika kama huyo hucheza nusu yake. Chekhov alikaa mazoezini akiwaambia wasiigize sana, waseme kikawaida, kwani hawa ni watu wa kawaida tu. Maelezo hayo ni sahihi, na hayana msaada wowote. Umwambie mtu aliyefundishwa miaka 20 kutangaza maneno yake hadi viti vya juu kwamba aseme kikawaida, halafu umpe siku tisa? Angefanyaje?

Hapa ndipo ninapoliona kosa la mwandishi wa hadithi. Katika hadithi fupi, kimya ni cha bure. Unaruka mstari, msomaji anatua, anavuta pumzi, anaelewa kwamba mtoto amekufa na hukumwambia. Asipoelewa anarudi nyuma mistari miwili. Msomaji huyo yuko peke yake, hana jirani wa kumcheka akihuzunika. Jukwaani kimya hakipo hadi watu watano wakitengeneze pamoja: mmoja aache kusogea, mwingine ashushe macho, taa ipungue, na wote wajue kwa nini. Lisipofanyika hilo, hadhira haisikii kimya, inasikia mwigizaji aliyesahau maneno. Chekhov aliandika nafasi nyeupe za ukurasa akadhani zitajileta zenyewe.

Miezi miwili baadaye alimwandikia Suvorin kwamba usiku ule si tamthilia iliyoanguka, ni yeye mwenyewe kama mtu, na kwamba kilichomshangaza ni jinsi watu aliowadhania marafiki walivyomtazama. Ninamwamini kwa kiasi. Chuki kati ya waandishi wenzake ilikuwepo. Lakini maonyesho ya pili, Oktoba 21, yalifanyika mbele ya watu waliolipa kuja kuiona Shakwe yenyewe, waigizaji wakiwa wameshaizoea kidogo, na yalishangiliwa. Komissarzhevskaya alimwandikia usiku uleule kwa furaha: tumeshinda. Siku nne, hadhira nyingine, mambo yamegeuka. Baada ya maonyesho matano tu ukumbi uliiondoa tamthilia kwenye ratiba.

Kuhusu Chekhov kuvunjika moyo, hapo pia hekaya imetia chumvi. Suvorin alipomlaumu kwa kukimbia kama mwoga, alimjibu kwamba amefanya kama mtu aliyeposa akakataliwa: limebaki nini isipokuwa kwenda zake? Kwamba alipofika nyumbani alikunywa mafuta ya mbarika, akanawa maji ya baridi, na sasa yuko tayari hata kuandika tamthilia mpya. Kwa mtunzi mwenzake Vladimir Nemirovich-Danchenko aliandika kwamba ukumbi ulivuta pumzi ya chuki, naye kwa mujibu wa kanuni za fizikia akarushwa nje ya St. Petersburg kama bomu. Huyu ni daktari anayejiandikia dawa. Kidonda kilikuwepo, ila hakulala nacho. Wala hakuichukua kalamu kuipunguzia Shakwe ukimya wake ili iwafae mashabiki wa Levkeeva, na mwaka 1897 ikachapwa ndani ya kitabu cha tamthilia zake pamoja na Mjomba Vanya, aliyoijenga juu ya magofu ya ile iliyoanguka mwaka 1889. Machi mwaka huohuo damu ilimtoka kwa wingi kinywani akiwa mkahawani Moscow na Suvorin, na madaktari wakathibitisha alichokuwa akikikana.

Moscow, zaidi ya mazoezi ishirini

Nemirovich-Danchenko alikuwa mtunzi wa tamthilia naye. Mwaka 1896 alipopewa Tuzo ya Griboyedov alisema iliyostahili ni Shakwe. Juni 1897 alikutana na Konstantin Stanislavsky, mwigizaji na mwelekezaji, katika mkahawa wa Slavyansky Bazar, wakazungumza kwa saa 18, wakatoka na wazo la nyumba mpya ya maonyesho: hakuna nyota, hakuna mhusika wa kudumu, mazoezi hadi kieleweke. Masika ya mwaka 1898 alimwomba Chekhov Shakwe. Akakataliwa. Akaomba tena, akapewa.

Stanislavsky hakuielewa tamthilia, na alikiri hivyo. Lakini alikwenda shambani kwa kaka yake karibu na Kharkov, akakaa akiichora dakika kwa dakika: nani anaketi wapi, chura analia saa ngapi, mbwa anabweka mbali, kimya hiki kina urefu gani. Alikuwa akizipa nafasi nyeupe za Chekhov mwili. Wakafanya mazoezi zaidi ya 20. Katika sehemu ya kwanza waliwaketisha wahusika wanaotazama mchezo wa Treplev kwenye benchi mbele kabisa ya jukwaa, wameipa hadhira migongo. St. Petersburg lingekuwa tusi.

Chekhov alipita mazoezini Septemba, akamwona Olga Knipper aliyemcheza Arkadina, na miaka mitatu baadaye wakaoana. Hayo mengine hayakumpendeza. Alipoambiwa kwamba vyura na mbwa ni uhalisia, alitoa mfano wa mchoro wa Kramskoy, mchoraji wa Kirusi, wenye sura za watu: ukiikata pua iliyochorwa ukachomeka pua ya kweli, pua ni ya kweli na mchoro umeharibika. Kisha akaenda Yalta, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, kwa ajili ya mapafu.

Onyesho lilikuwa Desemba 17, 1898. Dada yake alikuwa na hofu kwamba kuanguka mara ya pili kungemuua, na waigizaji walijua. Stanislavsky alikumbuka jinsi walivyonuka matone ya valeriani, dawa ya kutuliza mishipa, wote jukwaani. Ukumbi haukujaa. Komissarzhevskaya hakuwepo, Nina huyu alikuwa mwingine, na kwa kweli alikuwa dhaifu kuliko yule aliyechekwa. Pazia la sehemu ya kwanza likafungwa, na ukumbi ukakaa kimya muda mrefu hata waigizaji wakaanza kulia wakidhani yametimia tena. Kisha ukalipuka. Usiku huohuo simu ya maandishi ikaenda Yalta.

Ni kimya kile kile alichokiandika Melikhovo. Safari hii kilikuwa kimefanyiwa mazoezi.

Nyumba ile, iliyokuwa karibu kukauka kifedha, iliokoka, na shakwe akawa nembo yake. Ile miaka 700 ilifupishwa: Mjomba Vanya ilichezwa hapo mwaka 1899, Dada Watatu mwaka 1901, Bustani ya Micheri Januari 1904, miezi michache kabla hajafariki kule Badenweiler, Ujerumani, akiwa na miaka 44. Tamthilia hizi mbili za mwisho aliziandika akiwajua watakaozicheza, akisikia sauti zao, na nadhani hilo ndilo alilolipata kutoka katika mkasa mzima: alipata watu wa kuandikiwa.

Lakini Shakwe ya Moscow yeye mwenyewe aliiona Mei 1, 1899, katika onyesho walilomwandalia faraghani, ukumbi wa kukodi, bila mandhari yao. Wakamsubiri aseme neno. Trigorin wa Stanislavsky, aliyevaa kimaridadi, alimkera. Huyo mtu, alisema, anavaa suruali ya mirabaraba na viatu vilivyotoboka. Nina aliyelia mfululizo alimkera zaidi. Knipper anakumbuka kwamba alipanda jukwaani amepauka, saa mkononi, akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka ubishi kwamba yote ni mazuri sana, ila anaomba tamthilia yake iishie sehemu ya tatu. Ya nne hairuhusu kuchezwa. Walikuwa wameivuta mno.